"Nina wasiwasi na mweka hazina": ujumbe mmoja, kikoba kikataka kuvunjika. Wajuzi wa maneno njooni hapa

Katibu wa Makorora (mleta uzi)

Wanajamvi, salaam. Naandika kutoka Tanga, na kabla hamjaanza utani wenu, ndiyo, kahawa ipo na kashata zipo. Leo nina jambo.

Hapa Makorora tuna kikoba, wanawake ishirini na wawili, tunakutana kila Alhamisi baada ya Alasiri. Mimi ndiye katibu. Alhamisi ya juzi mweka hazina hakutokea. Simu haipatikani. Ijumaa nayo hivyo hivyo. Jioni yake mama mmoja mtu mzima, ambaye kikundi kizima tunamwita Shangazi, akaandika kwenye kundi letu la WhatsApp:

"Jamani mie nina wasiwasi na mweka hazina."

Basi. Akaweka simu juu ya kabati akaenda kuswali Magharibi.

Aliporudi alikuta ujumbe sitini na kitu. Wa kwanza: "Hata mimi Shangazi, tangu mwezi uliopita huyu dada simwelewi." Wa pili: "Michango ya wiki hii iko kwenye simu yake, laki sita na arobaini." Wa tatu anauliza nani anaijua nyumba ya kaka yake mweka hazina. Adhana ya Isha inaadhiniwa, mtu kaandika neno "mwizi" kisha akalifuta, lakini mnajua WhatsApp, huacha kovu: "ujumbe huu umefutwa". Na sisi tulikuwa tumeshalisoma.

Kumbe mwenzetu alikuwa hospitali ya Bombo anamuuguza mama mkwe wake. Simu ilizima chaji, chaja aliiacha nyumbani. Na Shangazi wa watu, alipoandika vile, alikuwa anamhurumia. Alimwota vibaya usiku wa kuamkia siku ile, moyo wake haukutulia. Alitaka mmoja wetu aende kumbishia hodi.

Sasa tumebaki na kikundi ambacho nusu hawasalimiani. Mimi nataka kujua kitu kimoja tu: shaka, wasiwasi, dhana, kushuku, kutuhumu, kutomwamini mtu. Haya ni mambo sita au ni jambo moja lenye majina sita? Neno gani lilitukosea?

Sina Jina

Yote ni sawa tu. Mtu kapotea na laki sita, mnataka kamusi?

Mwalimu Mstaafu

Mleta uzi, marahaba kama umenisalimia, na kama hukunisalimia nimekusamehe.

Hayo si sawa. Nilisomesha Kiswahili miaka thelathini na mmoja na kipimo changu kilikuwa kimoja: lishike neno uone linamshika nani.

Shaka linashika jambo. "Nina shaka kama basi la Lushoto limeshaondoka." Hakuna mtu anayelaumiwa hapo, ni wewe ndiye hujui. Kushuku kunamshika mtu. "Namshuku kondakta." Ukisema "naishuku mvua" watu watacheka. Mvua huishuku, una shaka nayo, kwa kuwa mvua haina nia mbaya, na kushuku ni lazima umpe mwenzio nia.

Wasiwasi haushiki jambo wala mtu, unamshika mwenyewe. Ndiyo maana twasema wasiwasi umenijaa, umeniingia, umenipanda. Ukimtazama mtu mwenye wasiwasi utaona: anasimama, anakaa, anachungulia dirishani. Mwenye shaka anaweza kukaa akanywa chai yake kwa utulivu kabisa.

Na angalieni hizi mbili, wanafunzi wangu walikuwa wakizichanganya kila mwaka. Kumtilia mtu shaka na kumtia mtu mashakani. Ya kwanza, wewe ndiye huna hakika naye. Ya pili, yeye ndiye yuko taabuni, kwa sababu mashaka kwa wingi yamegeuka yakawa dhiki. Mtoto anayeitwa Mashaka hakupewa jina hilo kwa sababu baba yake alikuwa hana hakika (msianze), alizaliwa wakati mgumu. Sasa kwenye kikoba chenu mlianza kwa kumtilia shaka dada wa watu, mkaishia kumtia mashakani. Hapo kati kuna silabi mbili tatu tu.

Kijana wa Barabara ya Kumi

Shikamoo mwalimu. Naomba kuongezea za kwetu Ngamiani maana hayo ya kitabuni sisi hatuyatumii sana.

Sisi tunasema "machale yalinicheza". Hiyo si shaka wala kushuku. Ni pale mtu hajafanya kitu, hajasema kitu, ila mwili unakwambia pita barabara nyingine. Halafu kuna "nimemshtukia", hiyo ni tofauti, ni kwamba ulikuwa umelala sasa umeamka, umeona mchezo wake. Ukimshtukia mtu una ushahidi, hata kama ni mdogo. Na kuna "simwelewi", ambayo huyo mama kaitumia kwenye kundi. Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Unasema "simwelewi" kama vile kosa ni la uelewa wako, kumbe ushamhukumu. Ukiulizwa "una maana gani?" unajibu "aah, simwelewi tu". Huwezi kupelekwa baraza la kata kwa kutomwelewa mtu.

Katibu wa Makorora (mleta uzi)

Kijana, huyo aliyeandika "simwelewi" ndivyo alivyojitetea Jumamosi. Neno kwa neno. "Mimi sikusema kaiba, nilisema simwelewi."

Mvuvi wa Sahare

Mimi nasoma tu. Ila wasiwasi ndio akili, wahenga wa mjini hawakukosea. Baharini asiye na wasiwasi na wingu hazeeki.

Ustadh wa Pangani

Assalaam alaykum. Ndugu yangu mvuvi, huo wasiwasi unaousifu wewe ni hadhari. Wasiwasi wenyewe kwa asili yake si kitu cha kusifiwa. Sote tuliopita chuoni tumehifadhi sura ya mwisho ya msahafu, ya 114, tunaomba kinga na shari ya al-waswas, mnong'onezaji anayenong'ona vifuani mwa watu kisha akarudi nyuma. Ndiyo asili ya neno letu. Kuna sauti, na sauti hiyo haitoki kwa huyo unayemwonea wasiwasi, imetoka kwingine kabisa.

Hapa pwani kila msikiti una mzee mwenye wasiwasi wa udhu. Wetu alikuwa anaosha kiwiko cha kulia mara saba, anafunga bomba, anatazama kiwiko, anafungua tena. Imamu ameshatoa salamu yeye bado yuko bombani. Maji yameshafika, anajua yamefika, anaona yanadondoka. Ndipo utaona kwamba wasiwasi hautibiwi kwa ushahidi. Ukimletea mwenye shaka ushahidi, shaka linaondoka. Ukimletea mwenye wasiwasi, anauosha nao.

Na dawa ya shaka tulifundishwa: yakini haiondolewi na shaka. Umechukua udhu kwa yakini, sasa unajiuliza umetenguka au la, basi una udhu. Umeswali rakaa tatu au nne hujui, shika tatu, ongeza moja, leta sijida ya kusahau.

Mleta uzi ameuliza pia kuhusu dhana. Hapa nataka nikae kidogo, maana wengi wanadhani dhana ni neno jepesi, na siku hizi vyuo vikuu vimelichukua wakalifanya "dhana ya maendeleo", "dhana ya uongozi", limekuwa neno la mtihani. Wanazuoni wa misingi ya fiqhi waliyapanga mambo haya kama mizani. Yakini, sahani moja imekaa chini kabisa, hakuna mjadala. Shaka, sahani mbili ziko sawa sawa, huna la kuamua. Ikiinama upande mmoja bila kugusa chini, upande ule mzito ndio dhana. Na upande uliobaki juu, ule mwepesi, unaitwa wahm, jambo lililopita tu kichwani.

Kwa hiyo mwenye dhana ameshaelemea upande, tofauti na mwenye shaka ambaye bado yuko katikati. Ndiyo maana tumeambiwa katika Suratul Hujurat, aya ya 12, tujiepushe na dhana nyingi, kwani baadhi ya dhana ni dhambi. Baadhi. Hakusema zote, kwa sababu hata kadhi anahukumu kwa dhana iliyo na nguvu. Na mara baada ya hapo, aya ile ile, imekatazwa kupelelezana, kisha kusengenyana. Tazameni mpangilio: dhana, kuchungulia, kusema. Ndiyo Ijumaa ya kikoba chenu hiyo, kuanzia Magharibi mpaka Isha.

Jingine halafu niende nikamwagilie mbogamboga. Neno tuhuma, kwa Kiarabu tuhma, mzizi wake unarudishwa kwenye ile ile wahm, sahani nyepesi. Neno zito kuliko yote mtu akilitamka limetoka kwenye upande usio na uzito. Mimi nilipofundishwa hilo nikiwa kijana sikulala.

Kijana wa Barabara ya Kumi

Ustadh umeniacha mdomo wazi. Kwa hiyo "bila shaka" maana yake ni yakini?

Mwalimu Mstaafu

Kwenye karatasi, ndiyo. Kinywani, la hasha. Msikilize fundi cherehani: "Nguo yako bila shaka Ijumaa itakuwa tayari." Akiwa na hakika angesema "Ijumaa njoo uchukue". "Bila shaka" siku hizi ni alama ya kwamba shaka lipo, limefunikwa kitambaa.

Karani

Nimefanya kazi mahakamani, sitasema wapi wala ngazi gani. Naomba niseme kuhusu tuhuma maana nimeiona ikila watu.

Kwetu Tanzania magazeti na polisi husema mtuhumiwa. Akifikishwa mbele ya hakimu akasomewa shitaka, ni mshitakiwa. Akitiwa hatiani, hapo tena ni mkosaji, na akifungwa ni mfungwa. Ni ngazi, huruki moja. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 13, imekataza mtu aliyeshitakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kuwa anayo hatia. Na tangu sheria irekebishwe mwaka 2021 Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, hizi tofauti si za kupamba tena, mtu anaweza kupona au kuangamia kwa kutamkwa vibaya.

Kitu ninachotaka mkione ni hiki. Mahakamani shaka ni mali ya mshitakiwa. Upande wa mashitaka unatakiwa uthibitishe bila kuacha shaka la maana, na shaka likibaki, faida yake anapewa yeye, anakwenda nyumbani. Mtaani ni kinyume chake kabisa. Shaka likibaki, anabaki nalo yeye. "Hatukuweza kuthibitisha, lakini..." Hiyo "lakini" nimeisikia ikimfuata mtu mpaka akahama mji.

Mpwani wa Likoni

Hujambo nyote. Sisi huku Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, twasema mshukiwa, wala si mtuhumiwa. Redioni, gazetini, kila mahali, "washukiwa watatu wamekamatwa". Nilipokuja Tanga harusini nikasikia "mtuhumiwa" nikadhani ashapatikana na hatia yule, kumbe ndiyo mwanzo wa safari.

Kwa maoni yangu letu ni la haki zaidi. Mshukiwa, kuna mtu anamshuku, basi. Mtuhumiwa, ameshanyooshewa kidole.

Karani

Ndugu wa Likoni, nakupa nusu. Ni kweli kushuku kunaweza kubaki tumboni, kutuhumu lazima kutoke mdomoni. Mimi naweza kukushuku miaka kumi usijue. Siwezi kukutuhumu kimya kimya. Ila ndiyo sababu nalipenda la kwetu: mtuhumiwa anajua kuna aliyemtuhumu, anaweza kudai ajulishwe ni nani na kwa lipi. Mshukiwa atadai nini?

Sina Jina

Nyie mnafurahia maneno. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mwisho wa habari.

Karani

Hiyo methali ndiyo iliyotufanyia haya. Kwa methali hiyo tuhuma inajithibitisha yenyewe, haihitaji shahidi, ikikosa leo itapata kesho. Mimi nikiisikia huwa nauliza: ikija, nani aliileta?

Katibu wa Makorora (mleta uzi)

Ahsanteni. Nimesoma yote nikiwa kwenye foleni ya maji, nimemsomea na mume wangu, akasema niwaulize jambo ambalo bado hamjaligusa: kutomwamini mtu. Kwa sababu kikoba chetu kina sanduku lenye kufuli tatu. Mliomo kwenye vicoba mnajua. Anayelaza sanduku nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja, funguo ziko kwa watu watatu, na sanduku halifunguki mpaka wote watatu wawepo, tena mbele ya kikundi. Mume wangu ananicheka: "Mmejifungia na kufuli tatu halafu mnajiita mnaaminiana?"

Nilikosa jibu. Tuna shaka sisi kwa sisi? Tunashukuana?

Mwalimu Mstaafu

Hapana, na hilo ni swali zuri kuliko la kwanza.

Marehemu babu yangu alikuwa na baiskeli, kama kila mtu Tanga. Aliifunga mnyororo hata ndani ya ua wake, mlango wa ua umefungwa, ndani tupo sisi wajukuu tu. Siku moja nikamuuliza, babu, unatushuku? Akanambia, "Nikiwashuku nitawatazama nyinyi. Mimi natazama baiskeli."

Kushuku kunataka tukio na kunataka mtu. Kitu kimepotea, fulani alikuwepo. Kukosa imani hakutaki tukio. Washabiki pale Mkwakwani wanaposema hawana imani na kocha, hakuna anayesema kocha kaiba mpira. Wanasema hawawezi kumwekea mkono wao. Bibi zetu walikuwa na neno, "sina itibari naye", yaani sina ubaya naye, ila simkabidhi kitu. Kufuli tatu si moja wala jingine. Ni hadhari, na hadhari inawekwa siku ambayo mnapendana.

Ustadh wa Pangani

Na hizo fedha ni amana. Amini, imani, amana, mwaminifu, hata amani, zote nyumba moja. Kinyume cha amana ni hiana. Aliyefunga amana kwa kufuli tatu ameiheshimu. Sema laki sita na arobaini hazikuwa ndani ya kufuli. Zilikuwa kwenye simu ya mtu mmoja. Hapo ndipo yule mnong'onezaji alipoingilia.

Mvuvi wa Sahare

Mimi niliwahi kuibiwa mashine ya boti na mtu wa ndani. Tangu siku hiyo hata mdogo wangu akiishika namtazama. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hii mnaiitaje?

Ustadh wa Pangani

Hiyo ni jeraha, ndugu yangu. Pole.

Katibu wa Makorora (mleta uzi)

Nimelala juu ya hili siku mbili, na nadhani nimempata mkosaji. Si "wasiwasi". Ni hicho kineno "na".

Fikirini. "Nina wasiwasi na mwanangu", mama yuko barazani saa nne usiku, mtoto hajarudi. "Nina wasiwasi na huyu kijana", mama yuko barazani saa nne usiku, kuna kijana asiyemjua kasimama kwenye kona. Maneno ni yale yale. "Na" moja inamkumbatia mtu, ya pili inamsukuma. Sawa na "nina shida na wewe". Shangazi akikwambia hivyo ana maana anakuhitaji, njoo, kuna jambo anataka umsaidie. Vijana wa siku hizi wakikwambia hivyo, jiandae kugombana.

Mdomoni hatukosei, maana sauti inatofautisha. Shangazi angelisema lile barazani kwetu, na mkono ule anaouweka kifuani, wote tungevaa khanga tukaenda kumtafuta mweka hazina. Kwenye maandishi mkono haukuonekana. Na laki sita na arobaini zilionekana.

Mpwani wa Likoni

Sasa angeandikaje?

Mwalimu Mstaafu

"Roho yangu haijatulia, mweka hazina sijamwona siku ya pili leo, nani amtazame?" Ndefu kidogo. Ama "nina wasiwasi na hali yake". Ukiongeza hali, mtu anapona.

Kijana wa Barabara ya Kumi

Mleta uzi, mweka hazina mwenyewe kasemaje?

Katibu wa Makorora (mleta uzi)

Alikuja Alhamisi hii. Alikuja mapema, kabla ya sanduku. Akatoa laki sita na arobaini akazihesabu mezani noti kwa noti, hatukumwomba. Mama mkwe anaendelea vizuri. Kisha akatoa simu, akasoma kundi lote kwa sauti, kuanzia ujumbe wa Shangazi, bila kutaja majina ya walioandika. Alipofika kwenye "ujumbe huu umefutwa" akausoma nao, vile vile, kama ulivyoandikwa. Akanyamaza kidogo.

Halafu akamgeukia Shangazi, akamwambia, "Wewe tu ndiye uliyekuwa na wasiwasi. Hawa wengine walikuwa na hesabu."

Kikoba kipo, ila mweka hazina kaomba apumzike, tumempa mwingine, na michango ya simu sasa inaingia kwenye laini ya kikundi ambayo namba yake ya siri imegawanywa kwa watu wawili, kila mmoja tarakimu zake. Mume wangu bado anacheka.

Shangazi haandiki tena. Anatuma sauti, hata kwa salamu tu. Jana asubuhi nimeamka nikamkuta kundini, dakika mbili nzima: "Jamani, mie nina wasiwasi na katibu. Nimemwona sokoni Mgandini, uso umemvimba upande mmoja, nimemsalimia kaitikia kwa kichwa. Hebu mmoja ampitie."

Nilikuwa nimetoka kung'olewa jino. Kabla ya saa nne walishapita wanne, mmoja na uji.